Orijino ya Nini?

Mpwa wangu anaishi Brussels. Mwezi uliopita alinitumia picha 4 za gari kuukuu pamoja na ujumbe wa sauti: "Asalaam aleikum, mjomba. Gari hilo liko hapo Buyenzi linauzwa. Nenda ukaniangalizie kama kweli ni orijino." Gari lenyewe ni Peugeot 504 familiale, lile refu lenye safu 3 za viti, ambamo watu wa rika langu walipakiwa kwenda harusini, mazikoni na hospitalini. Marehemu baba yake alikuwa na la namna hiyo. Nikaelewa kwamba kijana hatafuti usafiri.

Mimi si fundi. Nikamwendea mzee mmoja ambaye amekula miaka yake yote chini ya magari, katika mtaa huo huo wa Buyenzi. Asiyeujua mtaa wetu huu na aujue kwa sauti yake: nyundo juu ya bati tangu asubuhi, adhana katikati, kisha nyundo tena. Hapa ndipo Kiswahili cha Bujumbura kinapozungumzwa hadi usiku, na hapa ndipo gari lililokataliwa na karakana zote hufikishwa likiwa linavutwa kwa kamba. Nilimweleza mzee ombi la mpwa wangu. Akafuta mikono, akaniuliza: "Orijino ya nini?"

Swali hilo sikulijibu pale pale, na mpaka leo linanifanya nifikiri. Katika maneno yetu ya kila siku, orijino ni kinyume cha feki. Kitenge orijino, dawa orijino, betri orijino. Lakini muuza gari akisema gari ni orijino, anataka usikie kitu kingine: kwamba halijaguswa, kwamba lilivyotoka kiwandani ndivyo lilivyo. Sasa 504 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na hilo umbo refu likafuata miaka michache baadaye. Ufaransa iliacha kutengeneza umbo hilo mwaka 1983. Gari lililofanya kazi Burundi kwa miaka zaidi ya 40 bila kuguswa, basi halikufanya kazi. Lililala.

Tulilikuta chini ya mwembe, kwenye kiwanja cha kijana aliyerithi kwa baba yake. Linang'aa. Rangi nyeupe, mpya kabisa, hata mpira wa mlango umepata matone yake. Kijana alitukaribisha vizuri, akasema maneno aliyokuwa ameyatayarisha: "Wazee wangu, hili ni orijino mia kwa mia." Mzee hakubisha. Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaanza kuipitisha juu ya bodi polepole, kama daktari anavyopitisha kipimo juu ya kifua cha mgonjwa. Kwenye mlango wa mbele ilishika. Kwenye paa ilishika. Kwenye madigadi ya gurudumu la nyuma kushoto ikateleza na kuanguka. Pale hapakuwa na bati tena. Palikuwa na mastiki, wengine huita pati, imelainishwa kwa msasa na kufunikwa rangi.

Nilimtazama kijana. Nilidhani nitaona mtu aliyeshikwa akidanganya. Niliona mtu aliyeshangaa. Yeye alinunua rangi tu ili gari la baba yake lipate bei, na mpakaji ndiye aliyeamua cha kuficha.

Tukaendelea. Mzee aliinua zulia la mbele akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Sisi tuna bahati ambayo watu wa Mombasa hawana: ziwa letu ni la maji matamu, hewa yake haina chumvi ya kula bati kama hewa ya bahari, wala barabara zetu hazimwagiwi chumvi wakati wa theluji kama za huko aliko mpwa wangu. Lakini ziwa hilo lina deni lake jingine. Mwaka 2024 Tanganyika ilipofura, maji yaliingia mitaa ya ufukweni, na Gatumba ikaoga tena. Magari mengi yalisimama majini siku nyingi, kisha yakaoshwa na kuuzwa. Kwa hiyo mzee alitafuta mstari wa tope ndani ya milango, chini ya reli za viti, nyuma ya taa. Hakuuona. Sakafu ilikuwa na viraka 2 vya bati vilivyochomelewa zamani, mshono wake wazi, umepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu. "Aliyefanya hivi hakuona haya," alisema. "Ona, unaweza kuhesabu kila tone la moto."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa swali lake. Viraka vya sakafuni na pati ya ubavuni vyote ni matengenezo. Vyote vimeliondoa gari katika hali ya kiwandani. Lakini kimoja kinakuambia kilichotokea na kingine kinakunyima. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kuguswa na kutoguswa.

Baadhi ya mambo ya asili hayadanganyi. Usukani uko kushoto, na bati la mbele ya miguu upande wa kulia halina tundu lililozibwa. Siku hizi nchi yetu, inayoendesha kulia, imejaa magari ya Japani yenye usukani upande huo huo wa kulia, na tumezoea kuyapita malori bila kuona mbele. Kama 504 hii ingetengenezwa kwa soko la Kenya au Tanzania, usukani wake ungekuwa kulia. Namba iliyogongwa kwenye bati inalingana na ile ya kwenye carte rose, kadi ya usajili wa gari. Nyuma kuna ekseli nzima, si miguu inayojitegemea ya zile sedani, na kila gurudumu limebebwa na springi 2 za kuzunguka. Zote 4 zipo. Mzee alizishika moja moja. Springi hizo ndizo zilizobeba magunia ya mchele, watu 9 na mbuzi juu ya paa, na ni kitu cha kwanza ambacho watu hukibadilisha wakikosa za asili.

Watu wa umri wangu tuna sababu ya kuliheshimu jina hilo. Peugeot 404, kaka yake 504, ilishinda Safari Rally mara 4 katika miaka ya 1960, na miwili kati ya hiyo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Tulisikia kwa redio. Hakuna tangazo la biashara lililofika ndani ya nyumba zetu zaidi ya habari zile.

Injini iliwaka mara ya pili. Mafuta ya kuijaribu yalikuwa kidogo, kwani petroli hapa imekuwa kitu cha kusubiria foleni, hivyo safari ya kweli, kupanda barabara ya Bugarama hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, haikuwezekana. Tulipanda Kiriri tu. Kilima kile kinatosha kumfichua mgonjwa. Kipimo cha joto kilipanda kikatulia. Moshi mwembamba wa bluu ulitoka tulipoachia mafuta kwenye kuteremka. "Inakula oili kidogo," mzee alisema, "na hilo si la kuogopa." Katika injini ile ya petroli mirija ya silinda huchomolewa na kuwekwa mingine pamoja na pistoni, bila kulipeleka bloku lote kuchongwa. Waliolichora gari hili walijua kwamba siku moja litafunguliwa na mtu. Kabureta ndiyo iliyomkunja uso: ilikuwa ya gari jingine kabisa, imefungwa kwa kibati cha kutengenezwa kwa mkono.

Tuliporudi, mzee alimuuliza kijana: "Kabureta yake iko wapi?" Kijana akafungua mlango wa nyuma, akainua kiti cha safu ya tatu, akavuta gunia la sukari lililolowa oili. Ndani: kabureta ya zamani, honi iliyokufa, kipande cha grili, vitasa 2 vya milango, na vifuniko 3 vya magurudumu. "Marehemu baba hakutupa kitu," alisema kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba anatuonyesha takataka. Mzee alichuchumaa mbele ya gunia lile. Hata injini hakuitazama hivyo.

Huko Ulaya wapo watu waliokaa na kuliandika jambo hili. Shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, na ndani yake alama za matumizi na mabadiliko ya zama zinahesabiwa kuwa sehemu ya historia ya gari, si uchafu wa kufutwa. Nimefurahi kujua hivyo. Lakini mtu aliyekuwa akiweka vitu ndani ya gunia hapa Buyenzi hakusubiri mkataba. Alilazimika kufunga kabureta ya gari jingine kwa sababu watoto walipaswa kufika shule, na hakutaka kulisahau gari lilivyokuwa.

Nikampigia mpwa wangu usiku huo. Nilimwambia: si orijino kwa maana uliyoniuliza. Limetobolewa, limechomelewa, na ubavu wake mmoja umefichwa kwa pati. Linunue. Lipa bei ya gari lililofanya kazi, usilipe bei ya rangi. Pati ile ibanduliwe, liwekwe bati la kweli, na mshono uachwe uonekane kwa ndani. Kijana muuzaji nilimwambia maneno hayo hayo mbele ya mzee, naye alikubali kupunguza, akaongeza gunia bila kulipangia bei.

Kimebaki kutafutwa kifuniko kimoja cha gurudumu. Wewe unayesoma haya, ikiwa uani kwako Bwiza, Nyakabiga au Kamenge kuna kifuniko cha 504 mnachonyweshea kuku maji, tafadhali usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilete Buyenzi, uwaulize mafundi lilipo gari la chini ya mwembe.