Aonaye na Apigaye

Yako maswali ambayo vita huyaweka mbele yetu waziwazi kuliko amani. Moja ni hili: tendo likigawanywa kati ya watu wawili, mmoja akiona bila kupiga na mwingine akipiga bila kuona, je, hatia nayo hugawanyika? Wasomaji wengi watadhani swali hili limeletwa na ndege za siku hizi zisizo na rubani, ambazo mtu huziongoza akiwa ameketi katika chumba cha nchi ya mbali. Sivyo. Lilizuka hapa kwetu, juu ya mto Rufiji, mwaka 1915.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja ikaizamisha, kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji, mahali ambapo mto hugawanyika matawi mengi katikati ya mikoko. Mabaharia wakaifunika kwa majani na matawi ya miti. Aliyekuwa baharini hakuweza kuiona. Ndipo Waingereza wakaleta eropleni, na walipokwisha kukitwaa kisiwa cha Mafia, Januari 1915, wakatengeneza huko uwanja wa kurukia. Basi mto huo wa kale, uliolisha watu vizazi na vizazi, ukatazamwa kutoka angani, na miongoni mwa watu wa kwanza kuutazama hivyo ni askari waliokuwa wakitafuta shabaha.

Tarehe 6 Julai manowari mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Kati ya wapiga mizinga na shabaha yao palikuwa na kilometa zipatazo kumi za msitu. Aliyekuwa angani aliwapelekea kwa simu ya upepo alama fupi fupi: limepita, limepungua, kushoto, kulia. Siku hiyo yalipigwa makombora zaidi ya 600, na yaliyoipata Königsberg yalikuwa machache tu.

Na hayo mengine? Yalianguka mahali. Delta si pori tupu. Ina wavuvi, ina wakata boriti za mikoko, ina wakulima wa mpunga. Vitabu vya vita vile husimulia kwa kirefu habari za manowari na marubani, lakini juu ya wenyeji husema maneno machache mno.

Tusiwavunjie heshima watu wale. Tarehe 11 Julai eropleni ya rubani John Cull ilipigwa, na ilipokuwa ikishuka bila nguvu ya mtambo, mwenzake Arnold aliendelea kutuma alama zake mpaka wakaanguka mtoni karibu na Mersey. Wakaokolewa. Siku hiyo Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru manowari yake iharibiwe. Ushujaa wa Arnold ni wa kweli, nao ndio unaolifanya swali letu kuwa zito, maana hapa mtu alikuwa mwaminifu kabisa katika kazi ambayo ilikatwa vipande hata pasiwe na kipande kinachomtaka mtu yeyote aulize nani anakaa chini ya mikoko ile.

Atasema mtu: askari hutii, na kibanda kilicho chini ya miti hakionekani kutoka juu. Ni kweli. Lakini kuna kutokujua kusikoepukika, na kuna kutokujua kulikotengenezwa makusudi ili kazi iende upesi. Kwa maoni yangu, mzigo mkubwa humwelemea aliyepanga alama zile na kutoa amri. Baada yake humwelemea aonaye. Mpigaji ni wa mwisho. Wala hakuna anayepunguziwa fungu lake kwa sababu mwenzake analo.

Swali hili halikwisha pamoja na vita. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Rufiji kwenda miinukoni, na nia yake ilikuwa njema. Kwenye ramani, bonde lilikuwa hatari. Kwa mkulima wa upande wa Chumbi, kusini mwa mto, mafuriko ya kiasi ni tope jipya, na maji yakipungua hupanda mazao ya mlao. Hivyo wengi waliendelea kushuka bondeni kila msimu, wakikaa katika madungu, yaani vibanda vilivyojengwa juu ya miti, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe.

Aprili 2024 maji yalifunika tena makazi na mashamba huko Rufiji na Kibiti, tukaonyeshwa picha zilizopigwa kutoka angani: mapaa, vilele vya miembe, na maji hata upeo wa macho. Sisemi watu waachwe majini. Afisa mwenye picha ile ameona kitu ambacho mkulima juu ya dungu lake hawezi kukiona, nacho ni ukubwa wa maji. Lakini mkulima anajua paa lile ni la nani, shamba lile hulisha nyumba ngapi, na yupi bado hajatoka.