Taa Iliyowaka Yenyewe

Katika mitaa ya Ngamiani, mjini Tanga, nyumba nyingi za zamani zina umbo moja. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na nyuma kuna uani, penye jiko, mfereji wa maji na kamba ya kuanikia nguo. Juu ya mlango mkubwa huachwa nafasi ya kupitisha hewa, na usiku taa ya barazani ikiwashwa, mwanga wake hupenya pale ukaingia ukumbini, na ukumbi ukiwa mtupu hufika mpaka uani. Namwomba msomaji auweke akilini mwanga huo, kwa sababu ndio ulionifundisha jambo ninalotaka kulieleza hapa.

Katika nyumba ya namna hiyo anaishi shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Umri wake umekwisha kupita miaka 75, na watoto wake wametawanyika. Tangu nilipopata akili zangu nimemwona akifanya jambo moja kila siku jua linapokuchwa: anatoka barazani na kuwasha taa. Zamani ilikuwa kandili, aliyoifuta chimni yake kwa kitambaa na majivu, na baadaye ikawa taa ya umeme. Akisha kuiwasha husimama kidogo pale mlangoni, akaitazama njia, akarudi ndani.

Utotoni nilidhani anawasha taa ili kuwe na mwanga. Ni kweli, lakini si kweli yote. Muuza kahawa aliyepita na dele lake alikuwa akisema, "Bibi kashawasha," kama mtu aliyejibiwa salamu. Jirani wa mkono wa kulia alijua kwamba shangazi amesharudi. Na jioni taa ilipochelewa, hazikupita dakika kumi ila mtu alibisha hodi: "Bibi, kwema huko?" Hakuna aliyewapa majirani kazi ile, wala hakuna aliyeihesabu kuwa ni kazi.

Mimi naishi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 350 na kitu kutoka Tanga. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtazama shangazi nikakuta magoti yanamsumbua, na kila usiku maji yanapotoka hulazimika kuamka saa nane kuwasha pampu ya kujaza tangi. Nilisikitika, na kama walivyo wanaume wengi tuliosoma kidogo, huzuni yangu niliigeuza haraka kuwa ufundi. Nikanunua rilei tatu za kisasa, zile zinazofuata amri za simu.

Kwa asiyezijua, rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake mna koili ya waya. Mkondo mdogo ukipita katika koili, koili hugeuka sumaku, ikavuta kipande cha chuma, na chuma kile kikaunganisha mkondo mkubwa unaoendesha taa au pampu. Husikika mlio mdogo tu, "ta!", basi. Jambo hili ni la zamani. Jipya ni kwamba siku hizi rilei huwekewa kompyuta ndogo kuliko kucha, yenye uwezo wa kuingia katika intaneti. Kampuni ya Espressif ya Shanghai ilipotoa chipu yake iitwayo ESP8266 mwaka 2014, bei ilishuka kiasi kwamba kitu kilichokuwa anasa ya matajiri kikawa karibu na uwezo wa mwalimu mstaafu.

Rilei ya kwanza niliipa pampu. Kwa kuwa pampu huvuta umeme mwingi wakati wa kuanza kuzunguka, niliiwekea swichi kubwa ya sumaku katikati, rilei ikawa inaiamrisha hiyo. Ya pili niliipa feni ya chumbani, izime alfajiri wakati wa baridi. Ya tatu niliipa taa ya barazani: iwake saa kumi na mbili na robo jioni, izime saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi alinitazama nikipanda na kushuka ngazi, akaniuliza swali moja tu: "Na mimi jioni nitafanya nini?" Nikacheka, nikamwambia, "Utapumzika."

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Maji yalijaa bila mtu kuamka, uniti za LUKU zilidumu zaidi, nami kila usiku kabla ya kulala nilikuwa nikifungua simu na kusoma: taa imewashwa, pampu imezimwa, feni imewashwa. Nikisha kusoma hivyo nilijiona nimemjulia hali shangazi. Taratibu, bila kukusudia, nikapunguza kumpigia simu.

Siku moja ya msimu wa kusi, baada ya Alasiri, shangazi alikwenda uani kuanua nguo. Sakafu ilikuwa imelowa. Aliteleza akaanguka, nyonga ikavunjika, asiweze kuinuka. Simu yake ilikuwa kitandani. Aliita, lakini upepo ulikuwa mkali na nyumba ya nyuma haikuwa na mtu. Saa kumi na mbili na robo rilei ikalia "ta!", na taa ya barazani ikawaka. Muuza kahawa akapita. Jirani wa mkono wa kulia akarudi kutoka mazikoni, akaiona taa, akasema moyoni kwamba Bibi yupo, akaingia kwake. Mimi nami, huko Dar es Salaam, nilifungua simu nikasoma kwamba taa imewashwa. Nikamshukuru Mungu, nikalala.

Aliokotwa asubuhi na mtoto aliyetumwa kwa mlango wa uani kurudisha mbuzi ya kukunia nazi.

Nilipofika hospitali sikujua nianze na neno gani. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema, "Mwanangu, nilikuwa nimelala pale chini, nikauona mwanga wa baraza unaingia ukumbini. Ndipo nikajua kwamba usiku ule haji mtu." Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nimeyachukua maneno hayo tangu siku ile, na insha hii ni jitihada yangu ya kuyajibu.

Njia nyepesi ingekuwa kuilaani mashine. Wapo wazee wenzangu walioniambia, "Si tulikwambia?" Lakini siwezi kukubaliana nao, na mtu wa Tanga ana sababu zaidi ya wengine za kutokukubaliana nao. Mkonge ulipoletwa hapa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yalikuja kujaa watu waliotolewa mbali, wakaitwa manamba kwa kuwa walijulikana kwa namba zao. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Katika pwani hii, kwa vizazi vingi, mtu aliyetaka kazi ngumu ifanyike bila mkono wake aliutafuta mkono wa mwenzake. Mwanafalsafa Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba kama vyombo vya kufumia vingeweza kufuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Yeye alilitaja jambo hilo kama kitu kisichokuwapo. Sisi tunalo mikononi. Pampu inayojiwasha saa nane za usiku imemwondolea ajuza adha, na haikumtwisha mtu mwingine adha hiyo. Sioni dhambi hapo, naona heri.

Basi kosa langu lilikuwa wapi, ikiwa rilei zote tatu ni za aina moja na zilifungwa na mkono mmoja?

Nadhani lilikuwa katika kutokuzitenga kazi zenyewe. Ziko kazi ambazo thamani yake yote imo katika matokeo. Tangi likijaa limejaa; maji hayaulizi nani aliyeyapandisha. Lakini ziko kazi nyingine ambazo mtu anapozifanya huwa pia anasema neno. Anayefagia mbele ya mlango wake asubuhi anasema kwamba ameamka. Anayewasha taa ya baraza anasema, "Nipo, ni mzima, hodi mnaweza kupiga." Mimi niliona mwanga tu, nikaufanyia mashine. Neno sikulisikia, kwa hiyo sikujua kwamba nimelikata. Na ubaya ni kwamba sikulikata likanyamaza. Kama taa ingezimika siku ile, majirani wangekuja. Nililiacha liendelee kusemwa bila msemaji.

Inashangaza kwamba rilei yenyewe kwa asili ilikuwa chombo cha kupeleka habari. Mmarekani Joseph Henry, anayetajwa kuibuni mwaka 1835, alitandaza waya kutoka maabara yake kule Princeton mpaka nyumbani kwake ili apeleke ishara. Baadaye rilei zikatumika katika simu za maandishi: habari ilipochoka njiani, rilei iliipokea na kuitia nguvu mpya, mfano wa wakimbiaji wanaopokezana vijiti. Waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Lakini katika mbio zile, mwanzoni mwa waya daima alikuwapo mtu aliyeshika kijiti cha kwanza. Mimi nilianzisha mbio bila mkimbiaji wa kwanza.

Kuna swali jingine linalonisumbua: taa ile iliyowaka jioni ile, ilikuwa tendo la nani? Shangazi hakuiwasha. Majirani hawakuiwasha. Mashine haina nia. Wayahudi wenye kushika Sabato, ambao kuwasha taa siku hiyo kumekatazwa kwao, huzoea kupanga saa ya umeme kabla Sabato haijaingia ili taa ziwake zenyewe, na wanazuoni wao wamejadili sana mipaka ya ruhusa hiyo. Sina elimu ya kuingia katika mjadala wao, lakini naona waliuliza swali lililo kweli: amri iliyotolewa leo ikitimia kesho, mwenyewe akiwa amelala, bado ni yake? Kwa upande wangu nimejibu ndiyo. Niliposema "iwake kila siku," nilisema pia "iwake siku atakayoanguka." Mtu anayetoa amri ya kudumu anajibebesha siku zote zijazo, hata zile asizozifikiria.

Rafiki yangu mmoja fundi alinisikiliza akasema kwamba dawa ya mashine ni mashine bora. Weka kifaa cha kuhisi mwendo, alisema. Bibi asipoonekana akitembea kwa saa mbili, simu yako italia. Nilikubali, nikakiweka, na simwelezi mtu yeyote akidharau. Lakini nataka tuone kinachobadilika. Taa iliwaambia watu wote wa barabara, bila kuchagua, na watu hao walikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Kifaa kinaniambia mimi peke yangu, niliye safari ya kutwa, tena kama umeme haujakatika, uniti hazijaisha na intaneti ipo. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilipochukua ulinzi wa shangazi kutoka mikononi mwa mtaa mzima na kuutia mfukoni mwangu, nilidhani nimeongeza mapenzi. Kumbe nilipunguza macho.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Macho ya mtaa si malaika. Yanayoona kwamba taa imechelewa ndiyo yanayoona nani ameingia usiku na nani ametoka na kanga mpya, na wapo waliouhama Ngamiani kwa kuchoka kutazamwa. Anayeishi katika ghorofa la mjini, asiyetaka kujulikana saa zake, huenda rilei kwake ni stara. Simlaumu. Namshauri tu ajue kwamba stara na upweke huingia kwa mlango mmoja, achague akijua.

Shangazi alipotoka hospitali nilifanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo: nilimuuliza. Nikataja kazi moja moja, naye akakata shauri kama kadhi. Pampu, "Ibaki na mashine yako, Mungu akubariki." Feni, vivyo hivyo. Taa ya baraza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuzima asubuhi ifanye yenyewe, maana hapo nina udhu na sala. Kuwasha niachie mimi." Nikaipanga hivyo. Rilei ya barazani leo ina ruhusa ya kuzima tu. Kuwasha kunangoja kidole cha mtu.

Hutembea kwa mkongojo, na kutoka chumbani mpaka swichi kunamchukua muda. Baadhi ya siku taa huchelewa, na mtoto wa jirani hutumwa kutazama, akamkuta shangazi yu njiani ukumbini, ameshika ukuta. Nami kila jioni baada ya Magharibi humpigia simu. Mara nyingi hatuna la kuzungumza. Namuuliza kama amewasha, naye hunijibu kwamba amewasha.