Ulimi na Kifua: Je, Mtoto Afundishwe Kutetea Asiloliamini?

Katika shule zetu, wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi na wa vidato vya mwanzo hupangiwa midahalo. Mwalimu hugawa pande mbili, huyu atetee na yule apinge, na mshindi hupigiwa makofi. Ni nadra kuulizwa kama mshindi yule alisema aliyoyaamini. Je, yafaa kumfundisha mtoto hivyo?

Tuchukue mfano wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Delta hiyo ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote nchini Tanzania. Katika mizizi yake hukulia samaki na kamba wachanga, lakini wako wakulima wanaoifyeka wapate mashamba ya mpunga. Tuseme mwalimu ameweka hoja kwamba mpunga una faida kuliko mikoko. Mtoto wa mvuvi akapangiwa kuitetea, na mtoto wa mkulima kuipinga. Je, tumewafunza unafiki?

Wanaoogopa jambo hili wana sababu. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaonya waliomletea mashauri yao kwamba yeye ni mwanadamu. Huenda mmoja wao akawa hodari wa kuieleza hoja yake kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa kadiri alivyosikia. Basi atakayepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha Moto. Mtoto anayesifiwa leo kwa kushinda tu, kesho atasimama barazani kugombea jaruba la mjane asiyejua kujieleza, na atalipata.

Lakini je, dawa yake ni kuwanyamazisha watoto? Sivyo! Mjane huyo naye alikuwa mtoto zamani. Lau angalifundishwa kusema, huenda haki yake isingalipotea. Tukiacha kuufundisha ufasaha, tutakuwa tumewaachia wajanja peke yao. Kurani Tukufu yaihesabu elimu ya kubainisha maneno kuwa neema aliyopewa mwanadamu na Mola wake (55:4-5). Nayo iliposhutumu washairi wasemao wasiyoyatenda, iliwatoa katika shutuma hiyo walioamini na kutenda mema (26:225-228).

Ndugu msomaji, itazame dua ya Nabii Musa a.s. alipotumwa kwa Firauni (20:26-29). Aliomba kwanza akunjuliwe kifua, kisha arahisishiwe kazi yake, ndipo akaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe. Na sababu aliyoitaja ni watu wapate kuyafahamu maneno yake, kushangiliwa hakukutaja.

Kwa hiyo fasihi na itangulie hotuba, maana fasihi hukunjua kifua. Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 watoto wengi waliighani shuleni. Mtoto aliyepewa nafasi ya mtu mwenye kosa hakuwa mwongo, kwani kila msikilizaji alijua kwamba hayo si maneno yake. Uwongo ni kumtaka mwenzio aliamini jambo ambalo wewe mwenyewe wajua si kweli.

Basi mdahalo wafaa kwa masharti mawili. Kwanza, kabla ya kujibu, mwanafunzi aieleze hoja ya mpinzani wake mpaka mpinzani akiri, "Ndivyo nilivyosema." Hapo mtoto wa mvuvi atakuwa ameijua njaa ya mkulima, na mtoto wa mkulima ameijua hasara ya mvuvi. Pili, mdahalo ukiisha, kila mmoja asimame tena aseme analoliamini mwenyewe, hata kama limeshindwa. Mwalimu na amsifu huyo kuliko mshindi.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, mbashiri wa Jumuiya yetu aliyefariki mwaka 1964, aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na baadaye akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Ikiwa shairi lina sheria zake za vina na mizani, maneno yawezayo kumnyang'anya mtu shamba yatakosaje sheria? Sheria yake ni kusema neno la sawasawa (33:71).

Mwenyezi Mungu awakunjulie watoto wetu vifua, kisha azifungue ndimi zao. Amin.