Upepo, Nahodha na Kudura ya Mungu

Ndugu mmoja ambaye bado anaichunguza dini ya Islam, wala hajaingia, aliniletea swali ambalo naona si lake peke yake. Mdogo wake alifariki katika basi lililopinduka. Siku ya matanga wazee walisema kwamba ni kazi ya Mungu, na ajali haina kinga. Tena shehe mmoja wa mtaani akaongeza kwamba kuuliza dereva alikwenda mwendo gani ni upungufu wa imani, kwa kuwa siku ya mtu ikifika imefika. Ndugu huyu akaniuliza: Je, nikiwa Mwislamu nitalazimika kunyamaza?

Sikumjibu siku ile kwa habari ya basi, maana jeraha lake lilikuwa bado bichi. Nilimwuliza kama aikumbuka ile meli iliyoziba Mfereji wa Suez mwaka 2021. Akasema aikumbuka sana, na ya kuwa watu walicheka mno kwa habari hiyo. Basi tukaanza na meli, nami naona yafaa niwaeleze wasomaji mambo tuliyoyazungumza, kwa kuwa swali lake lote limo ndani ya meli ile.

Asubuhi ya tarehe 23 Machi 2021 meli iitwayo Ever Given ilikuwa ikiupita mfereji ule kutoka upande wa kusini, ikitoka Malaysia kwenda Rotterdam katika nchi ya Uholanzi. Urefu wake ni meta 400, upana wake karibu meta 59, na juu yake yalipangwa makontena kwa maelfu, moja juu ya jingine kama nyumba ya ghorofa nyingi. Siku hiyo ulivuma upepo mkali uliojaa vumbi la jangwani. Zamani nahodha aliogopa upepo usije ukakoma, asibaki katikati ya bahari na tanga lililolegea. Meli hii haina tanga hata moja, lakini ukuta ule wa makontena uligeuka kuwa tanga ambalo hakuna awezaye kulitua. Ikayumba, omo yake ikajichimbia katika ukingo wa mashariki, na tezi yake ikagota ukingo wa magharibi. Njia ikafungwa kabisa kwa muda wa siku sita. Meli zaidi ya 360 zikangoja huku na huku, na baadhi yake zilikuwa na wanyama hai ambao malisho yao yalikuwa yakipungua. Nyingine zikageuza njia na kuizunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema. Ilikadiriwa wakati ule kwamba katika kila sehemu 100 za biashara ya dunia, sehemu 12 hivi hupita mferejini humo, pamoja na mizigo mingi ya Ulaya ije Mombasa na Dar es Salaam.

Hapa nitoke kando kidogo. Sisi Waahmadiyya tunautazama mfereji huu kwa jicho jingine pia. Katika Sura Ar-Rahman Mwenyezi Mungu ametaja bahari mbili zilizotengwa na kizuizi, ambazo Yeye atazifanya zikutane, na kwamba hutoka humo lulu na marijani. Na wafasiri wetu wameona katika aya hizo habari ya Suez na Panama, iliyotolewa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mifereji hiyo kuchimbwa. Tena baada ya aya chache zinatajwa meli zilizoinuka baharini kama milima. Mwenye kuitazama Ever Given hahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo.

Lakini angalieni jambo ambalo huenda likatupita katika furaha ya kuona bishara imetimia. Mfereji wa Suez ulichimbwa tangu mwaka 1859 hadi 1869, na katika miaka ya mwanzo waliochimba ni wakulima wa Misri waliochukuliwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao. Je, kwa kuwa kazi ile ilikwisha kutabiriwa, dhuluma ile si dhuluma? Hasha. Mungu alijua, akatoa habari. Naye aliyemtia fakiri kamba na kumpeleka jangwani atajibu kwa mkono wake mwenyewe. Kujua kwa Mungu hakumsukumi mtu, kama vile mjuzi wa nyota ajuavyo siku ya kupatwa kwa jua asivyokuwa yeye mwenye kulipatisha.

Turudi kwenye meli. Mara baada ya kukwama, ilisemwa kwamba sababu ni upepo. Siku chache baadaye mkuu wa mamlaka ya mfereji akasema upepo haukuwa sababu kubwa, na ya kuwa huenda lilikuwamo kosa la chombo au la binadamu. Nami naona neno hili la pili ndilo lililo karibu zaidi na haki. Ever Given ilikuwa meli ya tano katika msafara wa siku ile, na nne zilizotangulia zilipita katika hali ya hewa iyo hiyo. Hesabu za mwendo wake zilionyesha kwamba muda mfupi kabla ya kukwama ilikwenda zaidi ya maili 12 za baharini kwa saa, ilhali mwendo ulioruhusiwa haufiki hata 9. Mabaharia wanajua kwamba chombo kikubwa kikienda kasi katika maji membamba, maji yenyewe hukivuta ukingoni. Ila pia chombo kikienda polepole mno, usukani hausikii, na upepo hukichukua. Basi simsemi nahodha kwa wepesi. Alikuwa mahali ambapo pande zote mbili pana hatari. Lakini hatari haiondoi uchaguzi. Hata kuingia mferejini asubuhi ile au kungoja upepo utulie lilikuwa ni jambo la kuchagua.

Hadhrat Khalifatul Masih wa Pili r.a., katika hotuba yake juu ya takdiri aliyoitoa mwaka 1919, alieleza kwamba takdiri si ya namna moja. Iko ile ya jumla, ambayo ndiyo kanuni ya maumbile: moto huunguza, maji huzamisha, na upepo husukuma kilicho mbele yake bila kumwuliza mtu dini yake. Na iko takdiri makhsusi, ambayo Mwenyezi Mungu huidhihirisha kwa kuwasaidia Mitume Wake au kuwashika adui zao. Wengi hupotea kwa kuyachanganya haya mawili. Wakati ule nilisikia waliosema kwamba Mungu aliisimamisha meli ile ili kukiadhibu kiburi cha wafanya biashara. Mimi sithubutu kusema hivyo. Ishara ya adhabu huja pamoja na mwonyaji na onyo lake. Wala si kila pepo za mwezi wa Machi katika Misri ni adhabu.

Wala upepo haukutoka nje ya utawala wa Mungu. Fungueni Sura Ash-Shura. Katika aya ya 31, kwa hesabu ya Bismillahi kuwa aya ya kwanza, inaelezwa kwamba msiba uwapatao watu ni kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono yao, naye Mungu husamehe mengi. Kisha, baada ya aya moja tu, zinatajwa meli zilizo kama milima, na kwamba Mungu akitaka huutuliza upepo, zikakaa kimya juu ya maji. Upepo na mikono ya watu vimewekwa mahali pamoja, wala kimoja hakikukifuta kingine. Hadhrat Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aliazimu kurudi. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kudura ya Mungu kuiendea kudura ya Mungu. Mtu aliyesema hivi ni Khalifa wa Mtume Mtukufu s.a.w., wala hakuna Mwislamu aliyemwona amepungukiwa imani.

Hapo mwenzangu alinikatiza. Akasema: Vema, basi tumtafute mwenye kosa. Nikamwambia ndiyo, lakini kwa uangalifu, kwa maana meli hii inafundisha hilo nalo. Yuko mwanamke wa Kimisri, nahodha wa kwanza wa kike katika nchi yake. Katika siku zile uongo ulienezwa duniani kwamba yeye ndiye aliyeikwamisha Ever Given. Wakati huo alikuwa Iskandaria, akifanya kazi katika chombo kingine kabisa, mamia ya kilometa kutoka pale. Wanaosema hakuna wa kuulizwa, na wanaomshika wa kwanza awapendezaye, wote wamekataa kuchunguza. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, imetuamuru tupeleleze habari tuletewazo na mwovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Na hata kosa likijulikana, hesabu haiwi nyepesi. Meli ilikuwa mali ya Wajapani, ikiendeshwa na kampuni ya Taiwan, ikipeperusha bendera ya Panama. Mabaharia wake 25 wote ni Wahindi, na marubani wawili waliokuwamo ni Wamisri. Kwa kanuni za mfereji rubani hutoa shauri tu, na dhima hubaki kwa chombo. Mamlaka ya mfereji ilidai kwanza zaidi ya dola milioni 900, ikapunguza hadi milioni 550, na meli ikazuiliwa katika Ziwa Chungu Kubwa hadi tarehe 7 Julai 2021, mapatano yalipofikiwa. Miezi mitatu na zaidi ikapita chombo kikiwa kimezuiliwa, na mabaharia humo ndani wakingojea matajiri wapatane. Hilo halikuchekesha mtu yeyote.

Tena mwenye meli alitangaza ile sheria ya kale ya bahari, kwamba gharama za kukiokoa chombo wagawane wenye chombo na wenye mizigo wote. Mtu aliyekuwa na shehena ya viatu, ambaye hajapata kuuona usukani, naye akatakiwa atoe dhamana ndipo apewe mali yake. Mwenzangu akaona hii ni dhuluma, akanikumbusha kwamba tunafundisha kuwa hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Ni kweli. Dhambi ya nahodha haiandikwi kwa mwenye viatu. Lakini madhara si dhambi. Mtume Mtukufu s.a.w. alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu, wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa mahali pao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiliwa mikono, wote huokoka. Mfano huo haukusema wa juu wametenda dhambi ya kutoboa. Umesema watazama. Ndiyo maana kuuliza habari ya mwendo wa basi si haki ya mfiwa tu, bali ni wajibu kwa wale watakaopanda kesho.

Meli ilitoka tarehe 29 Machi. Walichimba usiku na mchana, wakaondoa mchanga meta za mraba mara kina zipatazo 30,000, na meli za kuvuta zikavuta. Tena mwezi ukawa mpevu, likaja bamvua, maji yakainuka kuliko siku nyingine. Huenda uchimbaji peke yake usingalitosha. Na bamvua likija mahali ambapo hakuna aliyechimba, maji hupanda na kushuka tu. Walioshika majembe hawakuuumba mwezi, wala mwezi haukuwaondolea kazi ya majembe.

Nilimwambia ndugu yule kwamba hakuna aya hata moja imkatazayo kwenda kuuliza basi lile lilikwenda mwendo gani, na kama breki zilikaguliwa. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mtu awezaye kumshitaki dereva aweza pia kumwombea, kwa kuwa dereva alinusurika, na amesikia hawezi kulala usiku. Nikamwambia aweza. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kituo cha polisi, naye akaandikisha maelezo yake.