Mwanya, Kigego na Hukumu ya Majina

Je, jina laweza kumdhulumu mtu? Swali hili lamhusu kila mwalimu wa Kiswahili, na hasa katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ambako Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa hukutana kila siku, na Goma iko papo hapo ng'ambo ya mpaka. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kazi ya kutafsiri maneno ya tiba imezidi kuwa wajibu wetu.

Tutazame meno. Nafasi iliyo kati ya meno mawili ya mbele, Mswahili huiita mwanya, na Mnyarwanda huiita inyinya. Wote wawili huihesabu kuwa pambo la uso. Mwaka 1899 daktari Mmarekani, Edward Angle, aliyagawa meno yasiyokutana sawasawa katika mafungu matatu, akitazama jinsi magego ya kwanza ya juu yanavyokutana na yale ya chini. Mpango huo ungali ukitumika. Lakini katika vitabu vya elimu hiyo, mwanya mara nyingi hutiwa katika orodha ya kasoro. Kinywa ni kimoja; jina moja lakisifu, jingine lakitia ila.

Wala tusidhani kwamba lugha ya wazee wetu haikuhukumu. Kiswahili chenyewe kina neno kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Zamani mtoto huyo alidhaniwa kuwa ana nuhusi, na pengine aliuawa. Kosa hakuwa nalo; alikuwa na jina tu, na jina likawa hukumu.

Basi, tuache kuyataja matatizo kwa kuogopa kuudhi? Hasha! Mtu ambaye meno yake ya mbele hayakutani hupata taabu kukata chakula. Meno yaliyopandana ni magumu kusafishwa. Kumficha mtu ukweli si adabu, ni kumnyima msaada. Haki imo katika kupambanua: kwanza tueleze meno yalivyokaa, kisha tuulize kama mwenyewe aweza kutafuna, kusema na kuyasafisha pasipo taabu. Akiweza, hana kasoro. Hiyo ndiyo sura yake.

Kwa hiyo mwalimu asiandike ubaoni "meno mabaya". Aandike "meno yaliyopandana", "meno yaliyochomoza", "meno yasiyokutana". Maneno hayo yaeleza, hayahukumu. Na mwanya auache uitwe mwanya.