Gramu 400: Kuitii Sharia kwa Herufi na Kuiasi kwa Niya

Suala lililoletwa katika darasa letu ni hili: mtu akiishika sharia kwa lafudhi yake, asitoke nje ya herufi zake hata kidogo, lakini akaipindua maana iliyowekewa sharia hiyo, je, huyo ni mtiifu au ni muasi? Wako waliosema kuwa ni mtiifu, kwa kuwa hakuna neno alilolivunja. Wako waliosema kuwa ni muasi mwenye kanzu ya utiifu. Sisi twapenda kulijibu suala hili kwa mfano usiotoka katika vitabu vya fikihi, ili mtu asije akasema kuwa tumependelea madhihabu moja juu ya nyingine. Mfano wetu ni mzinga mdogo wa vita.

Nchi hii ya Taita na Taveta yaijua mizinga. Mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta wakaikalia. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kwenda upande wa Maktau na Taveta, nayo ilijengwa kwa ajili ya vita tu. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Kiingereza, wengi wao askari wa Afrika ya Kusini, waliushambulia mlima wa Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara. Na mwezi Machi mwaka ule ule vita vikawa vikali katika vilima vya Latema na Reata. Makaburi ya Voi, ya Maktau na ya Taveta yapo hata leo kwa anayetaka kuzingatia. Katika waliopigana, wa pande zote mbili, walikuwamo Waislamu wengi: maaskari wa Kiafrika huku na huku, na maaskari waliotoka Bara Hindi. Neno "bombomu" liliingia katika Kiswahili kwa kuigiza sauti ya silaha zinazofoka mfululizo.

Sasa na tuitazame asili ya silaha hiyo. Mwaka 1863 jeshi la Urusi lilipata risasi yenye kupasuka inapogonga kitu kigumu, nayo ilikusudiwa kuvunja magari ya baruti. Mwaka 1867 risasi hiyo ikabadilishwa, ikawa yapasuka hata inapogonga kitu laini, yaani hata ndani ya mwili wa mtu. Warusi wenyewe waliliona jambo hili kuwa ni baya. Mwaka 1868 wakayaita mataifa katika mji wa St Petersburg, na wakaahidiana kuwa katika vita baina yao hapana atakayetumia kombora lenye kupasuka au kuwasha moto ambalo uzito wake haufiki gramu 400. Uingereza na Prussia zilitia saini. Na Uturuki na Uajemi, dola za Kiislamu, nazo zilitia saini. Sababu waliitaja wazi: makusudio ya vita ni kuidhoofisha nguvu ya adui, na yatosha kumtoa askari vitani, kumzidishia maumivu aliyekwisha kuangushwa, au kukifanya kifo chake kisiepukike, hakuna haja yake.

Ahadi hii ilikuwa njema. Lakini gramu 400 ni hesabu, na mwenye hila hufurahi aonapo hesabu. Haikupita miaka mingi, Hotchkiss, Mmarekani aliyekuwa na kiwanda Ufaransa, akatengeneza mzinga wa mitutu mitano inayozungushwa kwa mkono, wenye mdomo wa milimita 37. Kombora lake lilikuwa na uzito wa takriban gramu 450. Baadaye Maxim akafanya mzinga wa milimita 37 unaojilisha wenyewe makombora kwa mkanda na kupiga mfululizo. Milimita 37 ndicho kipimo kidogo kilichowezekana pasi na kuivunja ahadi: juu ya mpaka kwa kiasi cha kukaa salama, na chini kwa kiasi cha kutosha ili silaha iwe nyepesi na ya kasi.

Insafu yatulazimisha tuseme kuwa mzinga huo haukuzaliwa kwa ajili ya miili ya watu. Ulitakiwa kwanza na manowari, zijilinde na vyombo vidogo vya topido vinavyokuja mbio usiku. Katika maziwa yetu makuu mizinga ya jamii hii, mingine mikubwa kidogo, ilitumika chombo kwa chombo: Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliizima meli ya Kijerumani katika Ziwa Nyasa, na tarehe 26 Desemba 1915 mashua mbili zilizoletwa kwa nchi kavu kutoka kusini ziliiteka Kingani katika Ziwa Tanganyika. Lakini mzinga haukubaki majini. Katika vita vya Makaburu na Waingereza, 1899 hata 1902, ulielekezwa kwa watu waliolala nyuma ya mawe na vichuguu, kombora baada ya kombora, kila moja likipasuka. Aliyeulizwa juu ya ahadi ya mwaka 1868 angeweza kujibu kwa moyo mtulivu: pimeni kombora langu, limepita gramu 400.

Hapa ndipo penye suala letu. Mtu huyu hakusema uwongo. Mizani itamshuhudia. Lakini ahadi haikuwekwa kwa ajili ya mizani; iliwekwa kwa ajili ya yule aliyelala chini na jeraha. Jeraha hilo halijui tofauti ya gramu 399 na gramu 450.

Mola wetu ametusimulia katika Sura ya Al-Aaraf khabari za mji uliokuwa kando ya bahari. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Jumaa Mosi, na samaki wakawa wajitokeza siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wametueleza kuwa watu wale walitega nyavu kabla ya siku ile na kuzitoa baada yake. Siku yenyewe mikono yao ilikuwa mitupu. Hesabu yao ilikuwa sahihi, na juu ya usahihi huo waliadhibiwa. Katika mji huo walikuwamo makundi matatu: waliofanya hila, waliowakataza, na waliowaambia wakatazaji kuwa hapana faida ya kuwawaidhi watu kama hao. Kila gazeti la islahi na kila darasa lazima lijiulize liko katika kundi lipi.

Atasema msemaji: mbona Nabii Ayyub, alipokuwa ameapa kupiga, aliamrishwa achukue kicha cha majani apige kwacho, asivunje kiapo chake? Si hila hiyo? Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa, kwani wanazuoni walioruhusu baadhi ya hila wameitegemea. Nasi twajibu hivi. Kicha kile kilitolewa ili asiyestahili maumivu asiumizwe, na kiapo nacho kisidharauliwe. Njia ile ililinda mambo mawili ambayo sharia huyapenda: uaminifu na rehema. Kombora la gramu 450 lalinda herufi, na kuitupa rehema ambayo herufi iliandikwa kwa ajili yake. Basi kipimo kimetupatia nafsi yake: ukiona njia ya pembeni, uliza yaelekea wapi. Ikiwa yakufikisha kule kule sharia ilikotaka ufike, hiyo ni njia ya kutoka katika dhiki. Ikiwa yakurejesha kule sharia ilikokukataza, hiyo ni khiyana. Ibn al-Qayyim ameeleza maana hii kwa urefu katika I'lam al-Muwaqqi'in.

Tena atasema mwingine: kadhi huhukumu kwa dhahiri tu. Ni kweli. Kadhi hana ufunguo wa vifua. Lakini kusahihi kwa jambo mbele ya kadhi si kutakasika kwake mbele ya Mungu, na hadithi ya niya, iliyopokewa na Sayyidna Umar, haikuwekwa mwanzo wa vitabu kwa pambo.

Liko na jambo la pili katika ahadi ile ambalo watu wa nchi hii wasilisahau. Iliwafunga waliotia saini wanapopigana wao kwa wao. Asiyetia saini hakuwamo, na watu wa Afrika ya Mashariki hapana aliyewauliza. Ona basi yaliyopita hapa. Mwaka 1915 Wajerumani waliuteka mlima wa Kasigau. Serikali ya Kiingereza iliwatuhumu wenyeji kuwa wamewasaidia adui, ikawahamisha wakubwa kwa wadogo hadi Malindi, na hawakurudi makwao ila miaka ya 1930. Na wapagazi waliobeba chakula na makombora ya vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kwa watu hao wote haikuvunjwa hata gramu moja ya ahadi ya St Petersburg. Sharia isiyomwona ila mwenye nguvu huweza kutiiwa yote na dhulma ikabaki pale pale. Nayo ahadi yenyewe ilififia: katika vita vya 1939 hata 1945 makombora ya milimita 20, ambayo hayafiki gramu 400, yalitumiwa na majeshi makubwa yote.

Lakini hatukuandika haya ili tuwacheke Wazungu. Yatupasa tupime makombora yetu. Yuko kati yetu ampaye mkewe mali yake mwezi wa kumi na moja, kisha huirudisha mwaka ukishapita, asitoe zaka. Yuko amuuziaye mhitaji bidhaa kwa shilingi elfu moja na mia mbili za deni, kisha huinunua papo hapo kwa elfu moja taslimu. Bidhaa haikutoka dukani, na riba imekwisha kuliwa kwa jina la biashara. Yuko aandikaye shamba kwa jina la mwanawe wa kiume akiwa hai, si kwa hiba ya kweli, bali binti asije akalipata fungu lake. Kila mmoja wao ana karatasi, ana mashahidi, na akiulizwa hujibu: pimeni, nimepita gramu 400.

Maskini aliyekosa zaka hatashibishwa na usahihi wa hesabu ya mwaka. Binti aliyenyimwa mirathi hatafutwa machozi kwa muhuri wa wakili. Basi ndugu zetu, kabla hamjamuuliza mwanachuoni kama jambo lajuzu, jiulizeni wenyewe: sharia hii ilimlinda nani, na baada ya hila yangu, je, mtu huyo bado amelindwa? Atakayejibu suala hilo kwa ukweli hatahitaji fatwa nyingi.

Wabillahi tawfiq.