Amana ya Mchezaji

Sisi wa Bukavu ni watu wa kandanda, na kriketi wengi wetu twaijua kwa habari tu; lakini fitina ya kuuza mchezo iliyoingia humo yatuhusu, kwa kuwa kijana wa Kadutu atoaye faranga zake kununua tikiti ya kamari, juu ya mchezo unaochezwa ng'ambo, humwamini mtu asiyemjua kwamba anacheza kwa nguvu zake zote. Sina nia ya kuitetea kamari, ambayo Kurani imeiharimisha; hata hivyo, uharamu wake haumhalalishii mtu mwingine kumlaghai mwenye kuicheza.

Nauliza basi: mchezaji aliyeuza jambo dogo, lisilokusudiwa kumpa adui ushindi, amemdhulumu nani?

Mwezi wa Januari 2000, huko Centurion, Afrika Kusini, mvua ilipokwisha kula siku tatu za mchezo baina ya wenyeji na Uingereza, nahodha wa wenyeji, Hansie Cronje, alitoa shauri kila upande usamehe zamu moja ya kupiga, ili siku ya mwisho apatikane mshindi. Uingereza wakashinda, na wengi wakamsifu Cronje kwa uungwana wake. Miezi michache baadaye ikadhihirika kwamba mtu wa kamari, asiyetaka mchezo uishe sare, alikuwa amempa fedha na koti la ngozi. Watazamaji walifurahi, wageni walishinda, wala hapana aliyeporwa kitu mkononi. Na bado nasema dhuluma ilitendeka, na ilikuwa kubwa, kwa sababu ukarimu ule ule, ambao kwa nia safi ungalikuwa fadhila, ulikuwa umekwisha kutiwa bei, na waliompigia makofi walikuwa wakishangilia biashara wasiyoijua.

Wako wasemao kwamba haya huletwa na ufukara. Maurice Odumbe alikuwa nahodha wa Kenya siku ile ya Februari 1996 walipowaangusha West Indies mjini Pune, na mwaka 2003 alikuwamo katika kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwezi wa Agosti 2004 akafungiwa miaka 5 kwa kupokea fedha za mtu wa kamari kutoka India, mashitaka ambayo yeye aliyakana. Wachezaji wa Kenya zama zile waligombana na viongozi wao juu ya malipo, nasi tunaojua mshahara unaochelewa twaweza kuwahurumia. Lakini Cronje hakuwa fukara. Anasa, hoteli na marafiki wenye zawadi humzoeza mtu kupokea, hata asitambue ni lini alikoma kuwa mgeni akawa mtumwa.

Mwaka 2010, katika uwanja wa Lord's huko Uingereza, Mohammad Amir wa Pakistan, kijana wa miaka 18, alivuka mstari wa mrushaji kwa makusudi, hatua kubwa iliyoonekana na kila mtu, kwa sababu wakati wa kosa lile ulikuwa umekwisha kuuzwa. Alikiri, akaonja kifungo, na mwaka 2016 akarudi kucheza uwanja ule ule. Mwenyezi Mungu hupokea toba kwa mara moja, na ni kweli kwamba kijana yule alistahili kurudi. Ila mtazamaji, aliyedanganywa kwa macho yake mwenyewe, alibaki na haki ya kujiuliza, kila mguu ule ulipovuka mstari, kama ni ajali au ni bei, na shaka hiyo hapana hakimu wala chama kilichoweza kuiondoa ila Amir mwenyewe, mpira baada ya mpira.